Yehoshafati: Mfalme Aliyetanguliza Waimbaji Vitani

Yehoshafati mwana wa Asa alianza kuitawala Yuda akiwa na miaka 35, akatawala miaka 25 huko Yerusalemu, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Mwaka wa 3 wa utawala wake aliwatuma wakuu, Walawi na makuhani wazunguke miji ya Yuda na kitabu cha Torati, wakiwafundisha watu. Jeshi lake lilikuwa kubwa, chini ya makamanda 5.

Udhaifu wake ulikuwa katika kuchagua marafiki. Alifanya ukwe na Ahabu, mfalme wa Israeli, naye Ahabu akamshawishi waende pamoja kupigania Ramoth-Gileadi. Manabii wapatao 400 walitabiri ushindi. Mikaya peke yake alisema kweli, akatiwa gerezani. Yehoshafati ndiye aliyetaka nabii wa Bwana aulizwe, lakini alipomsikia alikwenda vitani vilevile. Ahabu alijigeuza sura, akamwacha mwenzake avae mavazi ya kifalme. Maadui wakadhani ndiye Ahabu, wakamzunguka. Akalia, na Bwana akamwokoa. Ahabu alipigwa mshale, akafa.

Aliporudi nyumbani, Yehu mwana wa Hanani alimkemea. Zamani Asa alimfunga Hanani mwonaji kwa kumwambia ukweli; Yehoshafati hakumgusa mwana wa Hanani. Alitoka kwenda kwa watu, kuanzia Beer-sheba hadi milima ya Efraimu, akiwarejesha kwa Mungu wao. Kisha akaweka waamuzi mijini, akawaonya dhidi ya upendeleo na rushwa.

Ndipo Wamoabu, Waamoni na watu wa mlima Seiri wakaja, wakafika Engedi. Mfalme mwenye makamanda 5 aliogopa, wala hakuificha hofu yake. Alitangaza mfungo, akasimama hekaluni mbele ya wanaume, wanawake na watoto, akakiri kuwa hawana uwezo. Roho akamshukia Yahazieli, Mlawi wa ukoo wa Asafu, ukoo wa waimbaji, naye akawaambia kwamba vita ni vya Mungu.

Asubuhi walitoka kuelekea jangwa la Tekoa. Baada ya kushauriana na watu, mfalme aliweka waimbaji mbele ya wenye silaha. Walipoanza kusifu, maadui waligeukiana wakauana. Yuda walikusanya nyara siku 3, na siku ya 4 wakamshukuru Bwana katika bonde la Beraka. Wakarudi Yerusalemu kwa vinanda, vinubi na parapanda.

Hata hivyo, baadaye alishirikiana na Ahazia mwana wa Ahabu kuunda merikebu. Nabii Eliezeri alimwonya, na merikebu zikavunjika Esion-geberi. Yehoshafati alipofariki alizikwa katika mji wa Daudi.

Wanakwaya wapendwa, wale waimbaji hawakuimba kusherehekea ushindi waliokwisha kuuona. Waliimba adui akiwa bado mbele yao, nao wakiwa wa kwanza kufikiwa na mishale. Tunapoadhimisha jubilii hii, tukumbuke kuwa wako watu wanaoingia ibadani na vita vyao bado havijaisha: mgonjwa nyumbani, karo haijalipwa, ndoa inayumba. Kwaya huketi mbele kwa ajili yao. Tuimbe, basi, tukiwatangulia.