Aniceti Kitereza na Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Katika vijiji vyetu, tokea hapa Kikwe chini ya mlima Meru hata visiwani Ukerewe, kuna swali ambalo mke kijana haliepuki. Mwaka wa kwanza wa ndoa huulizwa kwa macho. Mwaka wa pili mashangazi huliuliza kwa kinywa. Mwaka wa tatu mume huitwa kando na jamaa zake, akaambiwa kwamba nyumba bila mtoto si nyumba, na kwamba wanawake hawajaisha duniani. Ndoa nyingi zimevunjika katika mwaka huo wa tatu. Kwa ajili ya nyumba hizo, leo twakumbuka maisha ya mtu aliyeuonja uchungu huo mpaka uzee wake.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alikuwa mjukuu wa Machunda, mfalme wa Wakerewe. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa katika nyumba ya kifalme. Kisha akapelekwa katika shule ya Mapadre Weupe huko Kagunguli, akabatizwa, na mwaka 1909 akaingia Seminari ya Rubya katika nchi ya Bukoba. Huko alikaa takriban miaka kumi, akajifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani.

Hakuwa padre. Mwaka 1919 alitoka seminarini, akamwoa Anna Katura. Akafanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja huko Mwanza, na baadaye akarudi Kagunguli, akawa katekista na mfasiri wa misioni. Basi huyo ndiye Kitereza: mtu wa ukoo wa kifalme asiyetawala, mwanafunzi wa altare asiyepewa daraja, msomi aliyeishi kijijini pamoja na wakulima na wavuvi.

Tena alikuwa mume asiyebakiwa na mtoto. Watoto aliowapata Anna walikufa, asibaki hata mmoja. Desturi ya kwao ilimruhusu mume wa namna hiyo kuoa mwingine, wala hakuna ambaye angemlaumu. Kitereza hakuoa mwingine, wala hakumrudisha Anna kwao.

Alipokaribia umri wa miaka hamsini, ndipo alipoanza kutunga hadithi. Padre Simard, Mkanada, alikuwa amemhimiza aandike mila za Wakerewe zisije zikapotea pamoja na wazee. Angaliweza kuziorodhesha moja moja, na kazi ingalikwisha upesi. Lakini orodha ya mila husomwa na wataalamu, na hadithi husomwa na kila mwenye mke, shamba na majirani. Kitereza akachagua hadithi, akaiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945.

Ndani yake twamkuta Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, ambaye mimba zake hazifiki mwisho. Jamaa za mume wanamsumbua aoe mwingine, na wazazi wa mke wanakasirika, wanamchukua binti yao. Myombekere hatafuti mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, analipa, anarudi na mkewe. Mwishoni wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Mtungaji aliwapa watu wake kile ambacho yeye mwenyewe hakujaliwa, wala hakuwaonea kijicho.

Tena tuangalie jambo hili: hadithi hiyo ni ya zamani za mababu, kabla wamisionari hawajafika. Katekista huyo alijua kwamba uaminifu wa mume kwa mkewe haukuletwa kwa meli. Mbegu yake ilikuwako kwetu, nayo yataka kupaliliwa.

Baada ya hapo kitabu kilingoja. Lugha ya kisiwa kimoja haikupata mchapishaji. Padre Simard alianza kukifasiri kwa Kifaransa, lakini akafariki mwaka 1954. Karibu na mwaka 1969 mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, walimtia moyo tena, na mzee, naye amepita miaka sabini, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikichapa mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza aliaga dunia kabla hajakishika mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, alikitoa kwa Kiingereza, akifasiri kutoka Kikerewe chenyewe.

Watu wangeweza kusema kwamba mzee huyo alikufa bila kuacha kitu. Hakuacha mtoto, na kitabu chake hakukiona. Lakini jina lake linatajwa leo na watu waliozaliwa baada ya kifo chake, na pamoja nalo latajwa jina la Anna, mke asiyeachwa.

Basi, ndugu wasomaji, tuwapokee vema majirani zetu wasio na mtoto. Na jamaa wenye desturi ya kumwita mume kando katika mwaka wa tatu, mwaka huu wamwache akae nyumbani na mkewe.