Mekatilili alikuwa mama mzee, na bado alitikisa Giriama nzima

Hebu nikuulize dadangu: leo umejitazama kwenye kioo mara ngapi? Na kamera ya mbele ya simu je? Kuna tumbo unalolivuta ndani kabla ya selfi, kuna filta ya kulainisha ngozi, na pengine kuna mkorogo uliouziwa kichinichini ukaambiwa utakuwa mweupe kwa wiki mbili. Hauko peke yako. Wengi wetu tunauangalia mwili kama nguo ya dirishani: ama unapendeza, ama umepitwa na wakati. Na mvi ya kwanza ikitokea, eti mambo yameisha.

Basi acha nikusimulie habari za mwanamke mmoja wa hapa hapa kwetu. Kama umewahi kutembea Malindi mjini, sanamu yake umeipita kwenye ile bustani iliyopewa jina lake, labda hata umepiga picha nayo. Lakini wengi hupiga picha na kusonga mbele bila kujua mama huyu aliufanyia nini mwili wake.

Alizaliwa Mnyazi wa Menza, upande wa Ganze, karne ya 19. Mtoto wa kike pekee kati ya ndugu wa kiume. Ndugu yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakurudi tena nyumbani. Fikiria hilo kidogo. Kabla hajakuwa mtu mzima, alishajua kwamba mwili wa mtu unaweza kubebwa na kuuzwa kama gunia.

Akaolewa, akazaa, na jina likabadilika. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Yaani jina tunalomjua nalo leo amelipata kwa uzazi. Mume akafariki, akabaki mjane.

Sasa hapa ndipo mimi hunyanyua kichwa. Mwaka wa 1912 Waingereza walimleta afisa mmoja, Arthur Champion, awasimamie Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na alitaka vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Kwake yeye hao vijana walikuwa hesabu ya mikono. Kwa akina mama walikuwa watoto waliobebwa tumboni na mgongoni. Mekatilili, ambaye tayari alishapoteza ndugu kwa njia hiyo, akasema imetosha.

Alikuwa mtu mzima sana wakati huo. Na mwanamke wa Kigiriama wa zamani hizo hakuwa na desturi ya kusimama mbele ya kadamnasi na kuwaelekeza wanaume. Lakini ujane na umri vilimpa nafasi ambayo msichana au mke wa mtu hangeipata. Hakuwa na mume wa kuomba ruhusa. Hakuwa na mtu wa kumpendeza.

Alianza na nini? Ngoma. Kuna ngoma ya Wagiriama inaitwa kifudu, ngoma ya maziko. Mekatilili aliicheza kijiji baada ya kijiji, na kila alikopita watu walimfuata. Hakukuwa na redio wala simu. Alikuwa na miguu, mabega na sauti, na hivyo vikatosha kukusanya umati. Akisimama kuhutubia, watu tayari wako pale, jasho linawatoka, damu imechemka. Elewa vizuri: mama mzee anacheza hadharani, na hakuna anayemwambia akae chini aheshimu umri wake.

Mwaka wa 1913 umati ulikusanyika Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Viapo viwili vikaliwa: wanaume wakala kiapo cha fisi, na wanawake wakala chao, mukushekushe. Kuanzia hapo hakuna kulipa kodi, hakuna kumpa mzungu kijana. Ukitazama vizuri utaona kwamba akina mama walikuwa na kiapo chao wenyewe. Hawakuja kupika tu.

Masimulizi ya Giriama yana kisa kingine, cha mkutano wa mwaka huo huo. Mekatilili alimletea Champion kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamrukia na kumdonoa. Mama akamweleza kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa akigusa watoto wa Giriama. Inasimuliwa pia kwamba alimzaba afisa huyo kofi. Mkono wa mjane mweusi kwenye shavu la serikali ya Uingereza, manze!

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na mwenzake Wanje, wakapelekwa magharibi mwa nchi, Kisii. Mawazo ya serikali yalikuwa rahisi: mama mzee akitupwa mbali hivyo, atarudi vipi? Januari 1914 wakatoroka. Wakarudi kwa miguu. Leo ukitoka Kisii hadi Kilifi kwa basi, ukikatiza Nairobi na Mombasa, utashuka mgongo unakuuma na miguu imevimba, na wewe ulikuwa umekaa. Yeye alipita nyika na mapori, hadi akafika kwao na kuendelea pale alipoachia.

Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Mekatilili akakamatwa tena. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Sitakudanganya kwamba kila kitu kiliisha vizuri. Lakini mwaka wa 1919 aliachiliwa, akarudi, na akakaa kwenye kaya akiwa kiongozi wa wanawake. Alifariki miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Watawala walimwita mchawi. Na hapa ndipo naomba usikimbie, kwa sababu neno hilo halijaondoka pwani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika kaunti hii ya Kilifi, wazee wanauawa kwa kushukiwa uchawi. Ushahidi? Mvi. Macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna shamba ambalo mtu anataka kulirithi mapema. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili walale salama. Na huko Ganze, upande ule ule alikozaliwa Mekatilili, kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao.

Sasa unganisha mambo. Sisi mjini tunapaka rangi nywele ili tusionekane tumezeeka. Hawe kijijini anapaka rangi ili asikatwe panga. Sisemi ni maumivu sawa, hata kidogo. Lakini yanatoka kwenye mawazo yale yale, kwamba mwili wa mwanamke ukizeeka hauna kazi tena, na ukiwa na nguvu basi kuna kitu kibaya ndani yake. Mekatilili angefanya aliyoyafanya leo, baadhi yetu tungemrekodi video tukimcheka, na wengine wangemtafuta usiku.

Sikwambii utupe lipstiki. Vaa unavyotaka. Kila mwaka kwenye tamasha la kumkumbuka Mekatilili huko Malindi, akina mama huvaa hando, ile sketi ya mikunjo mingi inayojaza nyonga, na hupendeza kweli kweli. Halafu wanaicheza ngoma nayo mpaka vumbi linatimka, wembamba kwa wanene, vijana kwa wazee. Ukienda, usikae pembeni ukishika simu. Ingia ucheze.

Na ukirudi nyumbani, kaa na nyanya yako. Muulize miguu ile imemfikisha wapi, mikono ile imebeba nini. Na siku utakayosikia mtu mtaani ananong'ona kwamba mzee fulani mwenye mvi ni mchawi, usinyamaze.