HUKWE ZAWOSE: MCHUNGA NG'OMBE WA UGOGO ALIYEGEUKA MWALIMU

Wadau, leo naomba tuwaweke pembeni kidogo mastaa wa Bongo Fleva, tumzungumzie mzee mmoja wa Kigogo. Kama uko kafe hapo Dodoma mjini, muulize jirani yako wa kompyuta ya pili kama anamjua Hukwe Ubi Zawose. Usishangae akikutolea macho. Lakini Uingereza na Japani wapo watu wenye kanda na CD zake kabatini!

Zawose alizaliwa kijiji cha Doga, mkoani Dodoma, karibu na mwaka 1938, wakati wa Mwingereza. Mtoto wa kiume Ugogo kazi yake ilikuwa kuchunga. Nchi yenyewe mnaijua: mvua za kubahatisha, vumbi, mibuyu na jua kali. Huko malishoni una saa nyingi na hakuna wa kukupigia kelele, basi kijana akawa anaimba. Baba yake naye alikuwa mtu wa muziki, kwa hiyo akirudi nyumbani somo linaendelea.

Msidhani ni mambo ya kuimba ovyo ovyo. Chukua ilimba, chombo kilichompa jina. Ni marimba ya mkono, yaani sanduku la mti lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Tena baadhi ya vile vyuma havipigwi kabisa, vinatetemeka vyenyewe vyenzake vikiguswa. Wale wa fizikia somo hilo mnalijua, mwalimu huwa anachora mawimbi ubaoni. Wazee wa Kigogo walikuwa wanalitengeneza kwa mikono, na wakalirekebisha kwa sikio tu. Zawose hakuridhika na ilimba za kawaida, akapiga zile kubwa zenye vyuma vingi zaidi. Zeze nalo akaliongeza nyuzi. Na sauti yake ilikuwa inashuka chini kama ngurumo halafu inapanda juu nyembamba kabisa, mpaka unadhani wameingia watu wawili.

Tukapata Uhuru 1961. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 akaunda wizara ya utamaduni, maana aliona mkoloni alitufanya tuone haya kwa ngoma zetu wenyewe. Sifa za kijana wa Doga zikamfikia, akaitwa Dar es Salaam kufanya kazi ya muziki. Hebu fikiria, mchunga ng'ombe anaitwa na Rais kwa sababu ya ilimba!

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa, na Zawose akawa mmoja wa walimu wake. Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Huyu mtu muziki wake aliupata malishoni na kwa baba yake, sasa anasimama mbele ya wanafunzi wa chuo cha serikali anafundisha. Vijana wasio Wagogo wakajifunza kwake muziki wa Ugogo. Yaani kile ambacho zamani usingekipata bila kuzaliwa kwenye ukoo fulani, sasa kilikuwa somo.

Dunia nayo ikamsikia. Albamu ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza 1985. Chibite ikafuata 1996 chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 akatoa Assembly akiwa na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Ukoo haukunyamaza. Mwanawe Msafiri anaendeleza kazi, na mwaka 2024 Pendo na Leah, wa ukoo huohuo, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Chuo chenyewe tangu 2007 kinaitwa TaSUBa.

Sasa swali langu. Watu wengi wakisikia habari ya Zawose wanasema: si unaona, hakuhitaji shule, kipaji kinajileta chenyewe! Mimi naona kinyume. Zawose ALIFUNDISHWA. Alikuwa na mwalimu nyumbani, alikuwa na chombo, na alikuwa na muda. Mtoto wa leo wa Chamwino au Bahi zile saa za malishoni anazitumia darasani, na ni vizuri, nani anataka turudi nyuma? Lakini kama darasani hakuna ilimba, na jioni ni masomo ya ziada, atajifunzia wapi? Anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa ngoma ameicheza siku ya mgeni rasmi tu, akirukaruka juani ili waheshimiwa wapige makofi. Hilo si somo, ni mapambo.

Wazazi wanasema hesabu na sayansi ndizo zenye ajira. Sibishani nao, sanaa haina uhakika wa mshahara. Ila ilimba nimeshawaeleza, ndani yake kuna fizikia, useremala na lugha. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka mkondo wa amali sekondari, na muziki na sanaa vimo. Kwenye karatasi tumepiga hatua. Lakini karatasi haipigi zeze. Anatakiwa mwalimu anayekijua chombo, na Ugogo bado kuna wazee wanaojua ingawa hawana cheti. Nyerere hakumdai Zawose cheti. Mkuu wa shule wa leo ana ruhusa ya kufanya hivyo, au mpaka mzee afe ndipo tumwandike hapa?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Shuleni kwenu muziki mlifundishwa, au mlicheza ngoma siku ya mgeni tu? Mwageni maoni hapo chini.