Mwalimu na Bei ya Jasho Letu

Mwenye kupita Lukole, katika Wilaya ya Ngara, hukumbuka kwanza kambi kubwa ya wakimbizi wa Burundi, ambayo sasa imekwisha kufungwa. Wengi wa wakimbizi hao walifanya vibarua katika mashamba ya jirani kwa ujira mdogo. Lakini mkulima aliyewapa kibarua naye hakuwa tajiri. Kahawa ya Ngara na pamba ya Biharamulo husafiri mbali, na bei yake hukatwa na watu wasiopata kuliona shamba. Jambo hili ndilo linalotufanya leo tumkumbuke Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, yeye akiwa Rais wake. Mwaka uliofuata akaacha ualimu ili akitumikie chama. Habari za safari ile hadi Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 kila mwanachama anazijua, nasi hatutazirudia.

Lisilokumbukwa sana ni somo alilolipata baada ya Uhuru. Nchi yetu wakati ule ilikuwa mbele duniani kwa mkonge. Bei ikaporomoka, si kwa uvivu wa wakataji wetu wa Tanga na Morogoro, bali kwa sababu soko halikuwa mikononi mwao. Mwalimu akawapigia matajiri hesabu nyepesi: mwaka 1965 trekta moja lilipatikana kwa tani 17 na robo za mkonge, mwaka 1972 trekta la namna ile ile lilitaka tani 47. Maana yake, mkataji alitakiwa kutoa jasho karibu mara tatu ili nchi ipate kitu kile kile.

Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Ujerumani haina shamba la mibuni, lakini ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa iliyokaangwa. Faida ya kukaanga, kufunga na kutangaza hubaki huko; kwetu hurudi bei ya punje mbichi. Ndiyo sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza kujitegemea.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1976 Serikali aliyoiongoza ilivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kile cha kahawa cha Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950. Mkulima aliyekwisha kupunjwa na soko la nje akanyang'anywa na chombo chake cha ndani. Malipo yakachelewa, gharama zikala bei, na kahawa nyingine ikavushwa Uganda kwa magendo. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama hivyo, na Mwalimu mwenyewe akakiri kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Viongozi wanaokiri makosa yao mbele ya watu si wengi.

Alipong'atuka katika urais mwaka 1985 hakupumzika. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza unyonge wa nchi maskini. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1989, mapatano ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikaanguka vibaya. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwapatanisha Warundi, ndugu za wale wa Lukole. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Kumsifu Mwalimu ni rahisi. Kuifanya kazi aliyoiacha ndiyo shida. Leo bado wako wakulima wa Kagera wanaouza kahawa ingali mtini kwa butura, kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Chama cha ushirika kinachomlipa mkulima kwa wakati ndicho dawa ya butura, na kiwanda cha TANICA cha Bukoba chatuonyesha kwamba kahawa yaweza kutengenezwa hapa hapa. Haba na haba hujaza kibaba. Yatupasa tujiulize kibaba hicho ni cha nani.