Linus Pauling: Mwanasayansi na Barua Zake

Je, umepata kuandika barua? Mwenye kuandika barua hukaa akawaza, akaandika, akatia karatasi yake ndani ya bahasha, akabandika stempu na kuipeleka posta. Baada ya hapo hungoja majibu. Barua ni karatasi nyepesi tu, nayo huweza kuraruka kwa mkono wa mtoto. Lakini katika sura hii tutasoma habari za mwanasayansi mmoja aliyetumia barua ili kuizuia sumu isiingie katika maziwa na mifupa ya watoto wa dunia nzima. Jina lake aliitwa Linus Pauling.

Utoto na masomo yake

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, nchini Marekani. Baba yake alikuwa muuza dawa. Mwaka 1910 baba huyo alifariki dunia, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo. Mama yao aliwalea kwa taabu, akipangisha vyumba vya nyumba yake ili apate fedha za chakula.

Linus alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, rafiki yake alimwonyesha jaribio la kemia. Rafiki huyo alichanganya sukari na kemikali nyingine, kisha akatia asidi kali kidogo. Mara sukari ile nyeupe ikatoa mvuke, ikageuka makaa meusi. Linus alistaajabu sana. Tangu siku hiyo alitaka kujua vitu vimeundwa namna gani, na kwa nini hugeuka. (Wewe usijaribu jambo hili. Asidi kali huunguza ngozi na kupofusha macho.)

Mwaka 1917 aliingia chuo cha kilimo cha Oregon. Alipasua kuni na kusafisha jikoni ili apate ada. Alikuwa hodari mno katika kemia, hata chuo kikampa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wenzake kabla yeye mwenyewe hajamaliza masomo. Katika darasa lake moja, mwaka 1922, alikuwamo msichana aliyeitwa Ava Helen Miller. Wakapendana.

Mwaka huohuo Linus alikwenda Pasadena, jimbo la California, kuendelea na masomo. Ava Helen alibaki Oregon. Basi Linus akawa anamwandikia barua karibu kila siku. Walioana mwezi wa Juni 1923, lakini mazoea yale ya kuandika barua hayakumtoka maisha yake yote.

Kazi yake ya kemia

Umekwisha kujifunza kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Maji, kwa mfano, yameundwa kwa atomu za hidrojeni na oksijeni zilizoshikamana. Je, ni kitu gani kinachozishikamanisha? Swali hilo ndilo alilolishughulikia Pauling kwa miaka mingi. Mwaka 1939 alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza jinsi atomu zinavyoungana, na mwaka 1954 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwanasayansi hafanyi kazi peke yake. Akipata jambo jipya, huwapasha habari wenzake ili wao nao walipime. Siku hizo habari nyingi za namna hii zilikwenda kwa barua. Pauling aliwaandikia wanasayansi wa nchi nyingi, nao wakamwandikia. Barua ilipopigwa chapa, karatasi ya kaboni iliwekwa katikati ya karatasi mbili. Ile ya juu ikapelekwa posta, na ile ya chini ikawekwa ndani ya faili. Kwa njia hii alijua daima ni neno gani alilomwambia nani, na siku gani.

Vumbi la mabomu

Mwezi wa Agosti 1945 Marekani iliangusha mabomu mawili ya atomiki juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki, nchini Japani. Maelfu na maelfu ya watu waliteketea. Pauling alianza kuwaeleza watu hatari ya silaha hizo. Siku moja mkewe alimsikiliza akihutubia, kisha akamwambia kwamba alipoeleza kemia watu walimsadiki, lakini alipozungumza juu ya vita alirudia tu maneno ya wengine. Pauling hakukasirika. Alikwenda akasoma mambo hayo kwa bidii mpaka akayajua mwenyewe.

Baada ya vita, mataifa makubwa yaliendelea kuunda mabomu yenye nguvu zaidi na kuyajaribu hewani. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu kubwa katika kisiwa cha Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Majivu yake yaliiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyokuwa mbali na mahali pale. Wavuvi wote 23 waliugua, na mmoja wao akafa mwaka huohuo.

Kwa nini majivu yale yaliwadhuru? Bomu la namna hii likilipuka, hutoa vumbi lenye mnururisho, yaani vumbi linalotoa miali isiyoonekana kwa macho, ambayo huharibu chembe hai za mwili. Baadhi ya vumbi hilo hupaa juu sana, likachukuliwa na upepo hadi nchi za mbali, kisha likashuka pamoja na mvua.

Ndani ya vumbi hilo mna elementi iitwayo strontiamu 90. Tabia yake inafanana na ile ya kalisi, ambayo mwili huitumia kujenga mifupa na meno. Fuata safari yake. Strontiamu huanguka juu ya majani. Ng’ombe hula majani. Strontiamu huingia katika maziwa. Mtoto hunywa maziwa, na mwili wake, usioweza kuitofautisha vizuri na kalisi, huiweka ndani ya mifupa. Huko huendelea kutoa mnururisho kwa miaka mingi, kwa kuwa huchukua miaka 29 hivi ili ipungue kufikia nusu. Mifupa ya mtoto ndiyo inayokua upesi. Kwa hiyo mtoto, asiyejua lolote juu ya vita, ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi.

Barua moja yazaa maelfu

Tarehe 15 Mei 1957 Pauling alihutubia katika chuo kikuu kimoja cha mji wa St. Louis. Wasikilizaji waliguswa sana. Baada ya hotuba, yeye na wanasayansi wenzake wawili, Barry Commoner na Edward Condon, waliandika ombi fupi. Ombi hilo lilizitaka nchi zote zipatane kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia. Chini yake paliachwa nafasi ya kutia sahihi. Walitoa nakala, wakazipeleka kwa wanasayansi waliowafahamu.

Majibu yalirudi kwa wingi. Katika muda wa majuma machache tu, wanasayansi zaidi ya 2,000 wa Marekani walikuwa wametia sahihi. Kisha bahasha zikaanza kufika kutoka nchi za nje. Pauling na mkewe wakaona kwamba kazi bado. Nyumbani kwao, pamoja na wasaidizi wachache, waliandika barua kwa mamia ya wanasayansi wa mataifa mengine, wakalipa stempu kwa fedha zao wenyewe. Kila siku zilipofika barua, walizifungua, wakahesabu sahihi na kuziandika katika orodha.

Tarehe 15 Januari 1958 waliipeleka orodha hiyo kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, mjini New York. Majina yalikuwa zaidi ya 9,000. Mengine yaliendelea kuja hata yakafika 11,021, kutoka nchi 49.

Watoto nao walishiriki katika kutafuta ukweli. Mwishoni mwa mwaka 1958 wanasayansi na akina mama wa St. Louis walianza kukusanya meno ya utoto yaliyong’oka. Watoto walitia meno yao katika bahasha na kuyapeleka kwa posta. Meno hayo yalipopimwa, ilionekana kwamba strontiamu 90 ilikuwa imeongezeka katika meno ya watoto waliozaliwa wakati wa majaribio ya mabomu. Sasa hapakuwa tena na nafasi ya kusema kwamba ni uvumi tu.

Mwaka 1959 Pauling na mkewe walisafiri hadi Lambaréné, katika nchi ya Gabon hapa Afrika, kumtembelea daktari Albert Schweitzer. Daktari huyo alikuwa na hospitali huko, naye pia alikuwa amekwisha kuionya dunia kwa njia ya redio juu ya majaribio hayo.

Siri ya barua

Si wote waliopendezwa. Barua nyingine zilizomfikia Pauling zilikuwa za matusi na vitisho. Hata kabla ya hapo, mwaka 1952, serikali ya nchi yake ilimnyima paspoti, akashindwa kwenda London kwenye mkutano wa sayansi.

Mwaka 1960 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mjini Washington. Kamati ilishuku kwamba watu wenye nia mbaya ndio waliokuwa nyuma ya ombi lile. Ilimtaka alete barua zilizofika na sahihi, na ataje majina ya watu wote waliomsaidia kuzikusanya.

Majina ya waliotia sahihi Pauling hakuyaficha. Yalikwisha kutolewa hadharani. Lakini waliokusanya sahihi, wengi wao walikuwa vijana wenye kazi changa. Akiwataja, wangeweza kusumbuliwa au kufukuzwa kazi kwa sababu ya kumsaidia yeye. Asipowataja, angeweza kufungwa jela. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Pauling alikataa kuwataja. Mwezi wa Oktoba aliitwa tena, akakataa tena. Mwishowe kamati ilimwacha. Hakufungwa, na wale waliomwamini kwa barua zao hawakusalitiwa.

Mkataba

Pauling aliendelea kuwaandikia viongozi wa mataifa makubwa, akiwemo Rais John Kennedy wa Marekani na Nikita Khrushchev wa Muungano wa Kisovyeti. Tarehe 5 Agosti 1963, mjini Moscow, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovyeti zilitia sahihi mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, chini ya bahari na katika anga za juu. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Oktoba 1963. Siku hiyohiyo ilitangazwa kwamba Pauling amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962. Yeye na mkewe walikuwa katika nyumba yao ya shambani isiyo na simu, na ilibidi mlinzi wa misitu aende kuwaita.

Mkataba huo haukumaliza yote. Majaribio chini ya ardhi yaliendelea. Ufaransa na China hazikuukubali. Ufaransa iliacha kulipua mabomu hewani mwaka 1974, na China mwaka 1980. Hata hivyo, strontiamu katika hewa na katika maziwa ilipungua mwaka hata mwaka.

Katika uzee wake Pauling alishikilia kwamba vitamini C nyingi huzuia mafua na kutibu saratani. Wanasayansi wengine walipopima jambo hilo hawakupata matokeo aliyoyatazamia. Hili nalo lina fundisho: hata neno la mwanasayansi mkubwa hupimwa kama neno la mtu mwingine yeyote.

Ava Helen alifariki mwaka 1981. Linus Pauling alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 93. Barua zake na nakala zake zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Oregon alikosomea. Haba na haba hujaza kibaba: hakuna barua moja kati ya hizo iliyoyazuia mabomu peke yake.

Mazoezi

1. Eleza safari ya strontiamu 90 kutoka katika bomu mpaka katika mfupa wa mtoto. Chora picha kuonyesha kila hatua.
2. Kwa nini mwili huiweka strontiamu ndani ya mifupa na meno?
3. Kwa nini wanasayansi wa St. Louis walitaka meno ya watoto, si ya watu wazima?
4. Pauling alikubali majina gani yajulikane, na aliyaficha yapi? Unaonaje, alifanya vyema? Toa sababu.
5. Chunguza jambo moja linalodhuru maji au hewa ya mahali unapoishi. Andika uliyoyaona kwa macho yako, kisha andika barua fupi kwa kiongozi anayehusika. Weka nakala yake.