Kikulacho ki Nguoni Mwako: Maisha ya Bi. Marie Curie

Katika kurasa hizi za chama chetu wengi hupenda kuandika maisha ya washairi na viongozi. Mimi nimemchagua mama mmoja aliyepata sifa kwa ajili ya mawe. Sababu ni kwamba mimi ni mkusanyaji wa mawe, na hapa Chaani wenye uraibu huu tupo kadhaa. Huyu ataleta jiwe la ufuoni Likoni, yule la Taita, na mwingine ameshaahidi kutuletea la Kilima cha Mrima, kule Kwale, ambako mawe yana mionzi kwa sababu ya madini ya thoriamu. Basi kabla hajaleta, na tumsikilize Bi. Marie.

Alizaliwa Warsaw, nchini Poland, tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Sklodowska. Wakati huo mji wao ulitawaliwa na Warusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Maria akiwa na umri wa miaka 10 tu. Chuo kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake, kwa hivyo Maria na dada yake Bronia wakala yamini: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto majumbani mwa matajiri amsomeshe Bronia udaktari Paris, kisha Bronia naye amsaidie mdogo wake. Ahadi ni deni, na deni lililipwa. Mwaka 1891 Maria akaingia Paris, na mwaka 1895 akaolewa na mwanasayansi Pierre Curie.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba uraniamu hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo huifanya hewa ipitishe umeme kidogo. Bi. Marie akachukua chombo cha kupimia umeme mdogo sana, kilichobuniwa na Pierre na kaka yake, akaanza kupima mawe moja baada ya jingine. Mengine aliazimwa kutoka jumba la makumbusho la Paris. Kumbe jiwe moja la kijani kibichi, liitwalo tobanaiti, lilitoa miale mingi kushinda uraniamu yenyewe! Akatengeneza la mfano wake kwa kemikali safi, lakini hilo halikufikia nguvu ya lile la ardhini. Hapo akatambua kwamba ndani ya mawe kuna kitu kingine kilichojificha.

Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza vitu viwili vipya: poloniamu, kwa heshima ya nchi yake, na radiamu. Ili kuipata radiamu walichemsha na kukoroga tani kwa tani za masalio ya madini meusi ya uraniamu katika banda lililovuja mvua. Mwaka 1902, baada ya jasho lote hilo, ilipatikana sehemu moja ya kumi ya gramu. Mwaka 1903 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Becquerel, na mwaka 1911 Bi. Marie akapewa ya pili, peke yake.

Sasa sikilizeni, wenzangu. Usiku radiamu ile iling'aa kwa mwanga wa samawati, na wawili hao walikwenda bandani kuitazama tu, kama watu watazamao nyota. Bi. Marie alitia vichupa vyake mfukoni, na vidole vyake vikaungua na kukakamaa. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mama huyu methali hiyo ilikuwa kweli tupu. Pierre alifariki mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi. Bi. Marie alifariki tarehe 4 Julai 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Daftari zake mpaka leo zina mionzi, nazo huhifadhiwa katika makasha ya risasi.

Je, mambo haya ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 1906 jiwe jipya la uraniamu kutoka Milima ya Uluguru, Morogoro, lilipewa jina la mwanasayansi Rutherford. Kisha kukaja mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Humo yalitoka mawe ya kupendeza mno: kyuraiti yenye rangi ya chungwa, iliyopewa jina la Pierre, bekerelaiti ya manjano, na mwaka 1924 sklodoskaiti, manjano ya ndimu mbivu, kwa heshima ya Bi. Marie. Wakusanyaji wa dunia nzima huyatafuta mpaka leo. Lakini waliochimba na kuchambua kwa mikono ni watu wa Katanga, wasemao Kiswahili kama sisi, na majina ya mawe hayo hayamtaji hata mmoja wao. Uraniamu yao ndiyo iliyotumika kwa wingi katika bomu la Hiroshima mwaka 1945.

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Jiwe la uraniamu halina harufu wala halichomi mkononi, lakini vumbi lake likiingia mwilini hudhuru kimyakimya, na radiamu iliyomo hukimbilia mifupani kama chokaa. Tena hutoa gesi ya radoni, ambayo huvutwa pamoja na hewa. Kwa hivyo jiwe usilolijua usililambe, usilipondeponde, usilitie mfukoni wala usililaze nalo chumba kimoja. Mpelekee mwalimu wa sayansi habari zake, jiwe lenyewe liache lilipo.

Bi. Marie hakuwa na wa kumwonya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Sisi tunaye wa kutuonya: ni yeye mwenyewe.