Mtafutaji wa Mwadui na Mafunzo ya Kokoto Ndogo



Kila siku tunakanyaga mchanga, tunachota maji, tunachagua mawe katika mchele, wala hatufikiri kwamba katika mambo hayo madogo yamo mafunzo ya roho. Leo tunakuomba ufuatane nasi mpaka Mwadui, katika nchi ya Wasukuma, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, tuyatazame maisha ya mtu aliyepata umaarufu kwa kuangalia vitu ambavyo wengine walivipita. Mtu huyo ni Dakta John Williamson. Hakuwa kiongozi wa dini, wala hatumtaji kama walii. Lakini mwenye busara huokota hekima popote aikutapo.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill nia yake ilikuwa kusoma sheria. Wakati mmoja wa kiangazi alifuatana na msafara wa wachunguzi wa miamba mpaka Labrador, na huko moyo wake ukageuka. Aliacha sheria, akashika elimu ya miamba, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Safari moja fupi ilimwonyesha njia yake, naye hakuona haya kuiacha ile aliyokwisha kuianza. Ni wangapi kati yetu huonyeshwa jambo la kweli, wakalitambua, lakini wakabaki walipo kwa kuogopa maneno ya jamaa na majirani?

Baadaye alikuja Afrika. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akahamia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi na dhahabu. Kampuni hiyo ilipotaka kuacha kazi, Williamson hakuondoka. Alinunua mgodi wake mdogo wa Mabuki, ulio kati ya Mwanza na Shinyanga, na kile kidogo kilichopatikana humo akakitumia kuendeleza upekuzi wake. Siku ya tarehe 6 Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui. Chini ya ardhi ile, iliyokuwa imechungiwa ng'ombe tangu zamani, lilikuwamo jiwe la kimberlaiti lenye eneo la zaidi ya hekta 140, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa duniani.

Je, almasi hutafutwaje? Mara nyingi mtafutaji haanzi kwa kuiona almasi yenyewe. Huanza kwa chembe nyekundu na nyeusi zisizo na bei sokoni, ambazo hutoka pamoja na almasi katika mwamba mmoja. Huzifuata chembe hizo shimo kwa shimo mpaka afike zilikotoka. Asiyejua huziita takataka, na anayejua huziita dalili. Ndivyo zilivyo dalili za Mwenyezi Mungu katika siku zetu: mgonjwa aliyepata nafuu, deni lililosamehewa, neno la mtoto lililotuzuia tusitende ubaya. Azifuataye kwa subira zitamfikisha kwa Yule aliyezileta.

Subira hiyo si ndogo. Katika miaka ya karibuni tani 100 za mwamba wa Mwadui zimekuwa zikitoa gramu moja au mbili tu za almasi. Mama hapa kwetu hupepeta mchele ili atupe mawe machache na kubakiza nafaka nyingi. Mchimbaji hutupa karibu vyote ili abakize jiwe moja. Na kazi hiyo Williamson hakuifanya peke yake. Mashimo yalichimbwa na udongo ukachekechwa na mikono ya wafanyakazi Waafrika. Jina la bwana limeandikwa vitabuni, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Basi tukumbuke kwamba kipo kitabu kingine, ambacho ndani yake hakuna jasho la mtu lisiloandikwa.

Tena liko fundisho la grisi. Kwa miaka mingi katika migodi ya almasi mchanga ulipitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe ya kawaida hulowa, yakachukuliwa na maji. Almasi hailowi upesi, nayo hunata katika grisi. Maji ni yale yale, na meza ni ile ile. Vivyo hivyo watu wawili husikiliza mawaidha mamoja, mmoja akashikamana nayo na mwingine akachukuliwa na mkondo wa dunia. Tujiulize mioyo yetu ni ya namna gani.

Utajiri ulikuja. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, yaani kama gramu 11 tu. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Kumbe hata jiwe la thamani sharti lipoteze zaidi ya nusu ya uzito wake ndipo ling'ae. Basi tusinung'unike tunapochongwa na mitihani.

Lakini Januari 1958 Williamson alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 50. Hakuoa. Mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Mali yote ile haikumwongezea siku moja, wala hakuchukua hata chembe moja alipoondoka.

Ndugu msomaji, mtu huyu alitoa ujana wake kwa ajili ya jiwe lipotealo. Je, sisi tunatoa nini kwa ajili ya lile lisilopotea? Usiku huu, kabla hujalala, lichekeche tendo moja dogo la siku yako, uone lilikuwa na dalili gani. Kesho fanya vivyo hivyo. Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona na subira ya kutafuta. Amin.